Jinsi nilivyojenga waya wa pesimeka usiokatika kwenye shingo ya plagi

Mjomba wangu ni fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi. Kama ulisoma bweni, huenda sanduku lako lilipita mikononi mwake au mwa jirani yake. Anatumia mkono wa kushoto. Nautaja mkono huo mapema kwa sababu habari yote inaanzia hapo.

Mwaka 2017 moyo wake ulianza kupiga polepole mno, akawa anazimia na kuanguka. Alipopimwa ikaonekana umeme wa moyo haushuki tena kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Akawekewa pesimeka, kifaa kinachoupa moyo umeme kidogo ili upige, ambacho kwetu nyumbani tulikiita betri ya moyo, chini ya ngozi ya kifua upande wa kushoto. Ndio upande wa kawaida, maana watu wengi hutumia mkono wa kulia, na mkono usio na kazi nyingi hausumbui waya. Hakuna aliyemuuliza yeye anashika nyundo kwa mkono upi. Hili linaniuma hadi leo, kwa kuwa ni swali la sekunde tatu.

Miaka miwili baadaye akaanguka tena, safari hii akiwa kazini. Walipokipima kifaa, betri ilikuwa nzima kabisa. Ila ukinzani wa waya, ambao siku zote ulisoma kama omu 600, ulikuwa umepanda kupita 2,000. Maana yake ni moja tu: umeme hauna njia. Eksirei ikaonyesha penyewe, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Kila alipoinua nyundo, mifupa hiyo miwili ilikuwa ikiubana waya kama mkasi butu.

Nilikuwa nasomea uhandisi wa vifaa vya tiba wakati huo. Nilipomtembelea wodini akaniuliza, “Mwanangu, bati langu mimi linakaa miaka ishirini. Kitu cha hospitali kinakatikaje kwa miaka miwili?” Sikuwa na jibu. Nilipofika shahada ya pili na kuambiwa nichague mradi, sikuhitaji kufikiri.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Pesimeka ina sehemu mbili: kasha lenye betri na saketi, na waya unaotoka kwenye kasha, ukaingia kwenye mshipa wa damu karibu na bega, ukateremka mpaka ndani ya moyo. Kasha limelala tu mfukoni mwake chini ya ngozi. Waya ndio unaofanya kazi ya punda. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linaupinda. Ukihesabu miaka kumi, unapita mapigo milioni 350. Juu ya hapo kuna bega, pumzi, na usingizi wa kulalia upande mmoja. Na waya wote huo una unene wa kama milimita 2, ndani yake mna springi ya nyuzi nyembamba za aloi iitwayo MP35N, mchanganyiko wa nikeli, kobalti, kromi na molibdeni, nje yake ganda la silikoni au poliyurethani. Katikati ya springi kuna uwazi, ambamo daktari hupitisha sindano ndefu ya chuma ili auongoze waya, kisha akaitoa.

Waya umekuwa tatizo tangu mwanzo. Pesimeka ya kwanza kuwekwa mwilini ilipandikizwa Sweden, Oktoba 1958, na daktari Åke Senning, ikiwa kazi ya mhandisi Rune Elmqvist. Mgonjwa, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara ishirini, akaishi hadi 2001. Nyaya za mwanzoni zilikuwa zikikatika ovyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa upasuaji William Chardack, aliyefanya kazi na mhandisi Wilson Greatbatch kule Buffalo, Marekani, akaleta wazo la kuuviringisha waya uwe springi. Niliposoma habari hiyo nilishusha pumzi. Nilikuwa nimepata mahali pa kuanzia ambapo mtu wa Kamukunji pia angepaelewa.

Niseme pia kwamba waya wangu haujaingia mwilini mwa mtu wala mnyama. Hiyo ni kazi ya viwanda vyenye vyumba safi na miaka ya majaribio. Swali langu lilikuwa dogo: nikijenga mwili wa waya kwa vitu vinavyopatikana Nairobi, naweza kujua utakatikia wapi, na naweza kuuzuia?

Mashine ya kupimia niliiunda mwenyewe. Mota ni ya waipa ya gari, niliitoa kwa wauza vipuri Grogan. Peke yake inazunguka kama mara moja kwa sekunde, kwa hiyo nikaifungia puli kubwa na ndogo ili nipate mipindo miwili kwa sekunde. Iliendeshwa na betri ya gari, maana stima ikipotea katikati ya jaribio la saa kumi na moja umepoteza usiku mzima. Mkondo mdogo ulipita kwenye waya unaopimwa, na siku waya ukikatika saketi inafunguka, mota inasimama, kaunta inabaki na namba. Mipindo niliifuata kutoka kiwango cha kimataifa cha ISO 14708-2. Kina majaribio mawili yaliyonihusu. La kwanza linaupinda mwili wa waya kwenye mdomo wenye nusu kipenyo cha milimita 6, digrii 90 kila upande, mara 47,000. La pili linapinda mahali waya unapoingia kwenye plagi, ile inayochomekwa kwenye kasha, digrii 45 kila upande, mara 82,000.

MP35N sikuipata. Nilitumia uzi wa gita ule mwembamba kuliko wote, wenye unene wa milimita 0.2, kwa sababu ni chuma kigumu kilichovutwa vizuri na kila duka la vyombo vya muziki mjini linao. Kabla yake nilipoteza wiki mbili na waya laini wa kufungia vyuma vya kunyooshea meno niliouziwa kama waya wa springi. Ule ni laini kwa makusudi, ili daktari wa meno aukunje kwa vidole, na ukishakunjwa haurudi.

Uzi wa gita nilianza kuupima ukiwa umenyooka, nione tu. Haukufika mbali. Hesabu yake ni rahisi: ukiupinda waya wa milimita 0.2 kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 6, ngozi yake ya nje inavutika kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.6, na chuma hakivumilii hivyo mara nyingi. Kisha nikauviringisha kwa drili kwenye spoki ya baiskeli, mizunguko imegusana. Mpindo uleule sasa haupindi waya moja kwa moja. Kila mzunguko unajisokota kidogo sana, na kwa hesabu mvuto unashuka chini ya sehemu moja ya thelathini. Chuma kilekile, unene uleule, umbo tu limebadilika. Nilikaa nayo mashine ile usiku, ikigonga tak, tak, na nikaona namba zinapita 10,000, 20,000, 30,000. Ilipofika 47,000 ilikuwa karibu saa kumi usiku. Nilimpigia simu mwenzangu wa maabara nikamwamsha.

Halafu nikakosea kwa kudhani nimefika. Nyaya za kweli huwa na nyuzi kadhaa zinazoviringishwa pamoja, nne au tano, ili mmoja ukikatika wengine waendelee kubeba umeme. Nikaviringisha nne, nikitarajia waya imara mara nne. Kumbe nyuzi zikiwa nne kila mmoja unalazimika kupanda hatua ndefu mara nne kwa kila mzunguko, na mvuto wake unaongezeka kiasi hichohicho. Unanunua akiba kwa uchovu. Njia ya kutoka ni kupunguza unene wa kila uzi, ndiyo maana viwandani hutumia nyuzi za kama sehemu ya kumi ya milimita. Mimi sikuwa nazo, nikashuka hadi nyuzi mbili. Bado naona huo ulikuwa uamuzi sahihi kwa chuma nilichokuwa nacho.

Jaribio la pili ndilo lililonitesa. Mwili wa waya uliovumilia 47,000 bila taabu ulikatika kwenye shingo ya plagi ukiwa bado chini ya 12,000. Nikatengeneza mwingine, ukakatika palepale. Wa tatu, palepale. Niliuweka mmoja chini ya hadubini ya idara. Sehemu iliyokatika haikuwa imevutwa ikawa nyembamba, kama waya unaoukata kwa nguvu. Ilikuwa bapa, yenye mistari ya upinde ikitoka ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine, kama ganda la kome. Huo ndio uchovu wa chuma: ufa unaanza mdogo na kila mpindo unauongezea hatua. Mistari yote ilielekea sehemu moja ya kuanzia, na hapo palikuwa na kijeraha kidogo sana, upana wa nusu ya uzi. Kilichouma kilikuwa ukingo wa kibomba cha chuma nilichobania springi kwenye plagi.

Jumapili nikaenda nyumbani kwa Mjomba, kule Makadara, nikiwa na vipande hivyo kwenye kikopo cha filamu. Alikuwa anapiga pasi shati la kanisani. Akavimwaga mezani, akavitazama kimoja kimoja, kisha akanyanyua pasi na kunionyesha waya wake unapoingia kwenye mkono. Pale pana mpira mweusi wenye mikunjo, mnene karibu na pasi, unaozidi kuwa mwembamba unavyokwenda mbali. “Waya wa pasi ukikatika,” akasema, “unakatika hapa, haukatiki katikati. Huku unacheza, huku umeshikwa. Ndiyo wakauwekea shingo, usishtuke.”

Usishtuke. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mkusanyiko wa mkazo na hakuna iliyonieleza vizuri hivyo. Springi yangu ilikuwa inatoka ulaini mtupu na kuingia ugumu mtupu ndani ya unene wa kucha, kwa hiyo mpindo wote ulijazana kwenye mzunguko mmoja. Kiungo chenyewe nilikuwa nakitengeneza kuwa imara zaidi kila mara, na kila mara nilikuwa naongeza tatizo.

Nikabadilisha mambo matatu. Ukingo wa kibomba niliuzungusha kwa msasa laini mpaka ukucha haukwami. Mizunguko mitatu ya mwisho ya springi niliiacha ndani ya kibomba bila kubanwa, iwe na nafasi ya kujisogeza. Na juu ya yote nikamwaga shingo ya silikoni yenye urefu wa milimita 15, nene upande wa plagi na kuisha taratibu kama mkia wa panya.

Shingo hiyo ilikula mwezi mzima. Kalibu ya alumini nilichongewa na fundi wa lethi pale Kariobangi Light Industries, kazi safi sana. Silikoni ndiyo iliyogoma. Nilianza na ile ya dirisha inayonuka siki, na kila nilipofungua kalibu ilikuwa mbichi ndani. Aina ile hukauka kwa unyevu wa hewa, na mimi nilikuwa nimeifungia ndani ya chuma. Nikahamia ile ya kuchanganya sehemu mbili, nikaipiga povu kwa kuichanganya haraka, nikajifunza kuiacha itulie kabla ya kuimwaga.

Sampuli tatu za mwisho zilipita 82,000 zote. Mbili nilizisimamisha. Ya tatu niliiacha iendelee wiki nzima, nikibadilisha betri asubuhi na jioni, na nilipoizima mwenyewe ilikuwa imepita milioni moja. Sampuli tatu hazithibitishi chochote mbele ya mamlaka ya dawa na vifaa, nalijua hilo. Ncha ya waya sikuigusa kabisa, ile inayogusa moyo na kutoa steroidi kidogo ili nyama isivimbe ikahitaji umeme mwingi zaidi. Na mtulinga wa Mjomba hakuna shingo ya silikoni ambayo ingeushinda. Pale dawa ni njia: waya wake wa sasa umepitishwa kwenye mshipa wa kwapa, nje ya ule mkasi wa mifupa, na yeye amejifunza kupiga nyundo kwa mkono wa kulia.

Nilimpelekea sampuli ile ya milioni moja kibandani kwake. Akafuta mikono, akaipinda shingoni mara kadhaa polepole, akaitikia kwa kichwa. Kisha akateremsha kola ya shati na kunionyesha kovu, akagusa chini yake kidogo, mahali daktari alipoufunga waya kwa uzi usije ukateleza.

“Na hapa,” akasema, “wakikaza sana?”

Jumatatu nilirudi Kariobangi kuagiza kalibu nyingine.