Roger Sherman, fundi viatu aliyetia saini hati nne

Wanapotajwa waasisi wa Marekani, jina la Roger Sherman wa Connecticut hutajwa mwishoni au halitajwi kabisa. Naona si haki, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyetia saini hati zote nne kuu za kuzaliwa kwa taifa hilo: mapatano ya mwaka 1774 ya kususia biashara na Uingereza, Tangazo la Uhuru, Mkataba wa Shirikisho (uliokuwa katiba ya kwanza ya taifa hilo) na Katiba ya mwaka 1787.

Alizaliwa Massachusetts mwaka 1721, akajifunza kushona viatu, na baba yake alipofariki akahamia New Milford, Connecticut, ambako alipima ardhi, akafungua duka na kuchapisha kalenda zilizotegemea hesabu zake mwenyewe za falaki. Hakusoma chuo kikuu. Sheria alijisomea, akawa wakili mwaka 1754, kisha jaji, na hatimaye meya wa kwanza wa New Haven.

Mchango wake mkubwa ulikuwa Philadelphia mwaka 1787, katika mkutano wa wajumbe wa majimbo ulioandika Katiba. Majimbo makubwa yalidai uwakilishi ufuate idadi ya watu. Madogo yalihofia kumezwa. Juni 11 Sherman alipendekeza kwamba chumba kimoja cha bunge kifuate idadi ya watu, na katika cha pili kila jimbo liwe na kura sawa. Alikataliwa, lakini hoja haikufa, na baada ya wiki tano za mabishano makali mapatano ya namna hiyo yalipita Julai 16 kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne, huku wajumbe wa Massachusetts wakigawanyika nusu kwa nusu.

Hata hivyo, moyo huohuo wa kupatana ulimfikisha mahali ambapo siwezi kumsifu. Hakuipenda biashara ya watumwa, lakini aliona ni afadhali kuiacha iendelee kuliko majimbo ya kusini kujitoa, na Katiba ikalizuia Bunge kuipiga marufuku kabla ya mwaka 1808. Umoja huo uligharimiwa na watu ambao hawakuwa na mjumbe hata mmoja ukumbini.

Katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1789, mbunge mwenzake James Madison alipotaka haki za raia zichomekwe ndani ya vifungu vya Katiba, Sherman, ambaye awali hata hakuona haja ya orodha ya haki, alishikilia kwamba maandishi yaliyokwisha kuidhinishwa na wananchi yasiguswe, na nyongeza zote ziwekwe mwishoni. Alishindwa mara ya kwanza, akarudi na hoja ileile siku chache baadaye, akashinda. Ndiyo maana Wamarekani leo huyataja marekebisho yao kwa namba, la kwanza, la pili, hadi la 27. Mwaka 1791 aliingia katika Seneti, na alipofariki New Haven Julai 1793 alikuwa bado seneta na bado meya.