Namba 13

Juzi Nuru alijikwaa kwenye kile kipande cheusi kinachozuia mlango wa jikoni usijibamize. Hakulia. Alikiokota, akakipima uzito kwa mikono miwili, akauliza, "Baba, kwa nini kimeandikwa 13? Vingine viko wapi?"

Kilitoka kwenye betri ya ile Toyota Aqua yangu, gari la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme. Mwaka 2021 nilipokaa Lushoto miezi saba nikimuuguza mama, yenyewe ilibaki Tabata chini ya mwembe. Niliporudi tukabusti betri ndogo, dashibodi ikawaka taa zote, lakini neno READY, la kusema gari liko tayari kuondoka, halikutokea. Na haibridi ya aina ile bila READY ni kibanda cha kuku tu. Haina stata ya kawaida. Injini ya petroli inazungushwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa. Betri kubwa ikiishiwa, jaza tangi mpaka limwagike, huendi popote. Wala haiwaki kwa kusukumwa.

Gereji ya kwanza wakasema betri imekufa, nyingine ni milioni tatu na nusu. Ya pili wakamleta kijana aliyetaka kuchukua balbu, dayodi na waya, achaji moja kwa moja kutoka soketi ya ukutani. "Elfu thelathini tu, bosi." Nusura nikubali. Babu Volti, mzee jirani yangu, alikuwa kibarazani kwake, anasikiliza kila kitu kama kawaida yake.

"Wewe kijana, hapo katikati ya betri na nguzo ya umeme umeweka nini? Waya mmoja ukigusa bodi ya gari, mtoto akaja kushika mlango…"

Hakumalizia. Kijana alimaliza soda yake akaaga.

Ni Babu Volti huyo huyo aliyenipigia hesabu nyuma ya bahasha. Vipande 20, kila kimoja volti 7.2, jumla 144. Uwezo wake ampea-saa 6.5. Zidisha. Betri nzima ikijaa haifiki uniti moja ya LUKU! Umeme wa chini ya shilingi mia nne.

"Sasa milioni tatu na nusu za nini, mzee?"

"Kuiingiza hiyo uniti ndiyo kazi."

Nikanunua chaja wanayotumia watu wa ndege za rimoti, haikufika laki. Inachaji kipande kimoja kimoja, na kipande kikiwa peke yake hakimpigi mtu shoti. Shida ni kuvitenganisha.

Jumamosi asubuhi tuling'oa kiti cha nyuma. Nikavaa glovu nene za mafundi wa laini, za kuazima, nikavuta kishikio cha rangi ya chungwa cha kukata umeme wa betri kubwa. Babu Volti akaniambia, "Weka mfukoni. Mfukoni mwako, si juu ya gari." Kisha tukakaa chini dakika kumi bila kugusa chochote, eti umeme uliojificha kwenye mitambo uishe. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Siafu walikuwa wamejipanga kwenye sponji ya kiti, nikawa nawahesabu. Babu Volti alikuwa anafunga spana kwa tepu nyeusi, taratibu, mpaka ikabaki midomo tu.

"Usidhani kishikio kimeondoa umeme," akasema. "Kimeukata katikati tu. Humo ndani bado upo. Mkono wa kushoto mfukoni."

"Nitashikaje sasa?"

"Mfukoni, nimesema! Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, moyo uko njiani."

Basi nikainama kama mtu aliyevunjika bega. Nati ya kwanza ilikuwa imeota ukungu wa kijani, ikagoma. Jasho likanidondoka puani, likatua kwenye plastiki sentimita chache kutoka kwenye shaba, nikalitazama. Nikakaza. Nati ikalia "kri", na mimi nikaruka nikagonga kichwa kwenye paa. Babu Volti alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Kila kibati cha shaba kilipotoka akaweka testa, na mimi nikapumua kidogo zaidi.

Baada ya hapo ni uvumilivu. Nikaviandika namba kwa makapeni, nikavibana kati ya mbao mbili na boliti ndefu kwa sababu vikichajiwa bila kubanwa vinavimba, nikawasha feni. Ampea moja, saa tano hivi kwa kila kimoja. Umeme ukikatika, chaja inasahau ilipofika. Siku tisa, na Mama Nuru akilala bila feni. Kumi na tisa viliamka. Namba 13 kilipata joto mapema, na kila asubuhi nilikikuta kimeshuka hadi volti 6 wakati wenzake wako 7.9. Nikanunua kingine kule Gerezani, Kariakoo, cha gari lililogongwa.

READY ikawaka. Tukaenda Kibaha na kurudi, bila sababu.

Miezi minane baadaye nikaiuza Aqua yangu. Mnunuzi aliuliza kama betri kubwa ina shida. "Tangu Desemba haijanisumbua," nikamjibu, na hapo hakuna neno la uongo. Babu Volti alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Namba ya yule bwana ninayo bado. Mwezi uliopita aliweka picha kwenye statasi, gari limeoshwa linang'aa, nyuma yake kibao cha hoteli. Niliitazama mara mbili.

"Viko Dodoma," nikamwambia Nuru.