Balbu Mbili Kwenye Barabara ya Jinja

Mwaka 2011 nilikuwa najifunza umeme wa magari Kisenyi, Kampala, chini ya mzee mmoja wa Mombasa aliyelowea Uganda tangu ujana. Siku moja ikaletwa speshali, yaani teksi ya kukodi, nyeupe, ambayo mafundi kadhaa walishanawa mikono. Mwenyewe, kijana wa Busia, alishanunua pampu ya mafuta, plagi, koili, mpaka kontroli boksi ya mtumba, kile kifaa kinachoongoza injini. Mjini gari halikuwa na neno. Likishika vilima vya barabara ya Jinja, linazima. Akingoja kidogo na kupiga ufunguo, linawaka kama halikufanya kitu.

"Mzee, hili gari lina jini."

"Jini hachagui vilima, mwanangu."

Kote lilikopimwa kwa kompyuta, mashine ilisema hakuna kosa. Mimi naona hapo ndipo pesa za watu hupotelea: kompyuta ikinyamaza, fundi anaanza kubahatisha vipuri. Kontroli boksi huweza kurekodi kwamba sensa fulani haileti ishara, lakini ikikatikiwa na umeme wake yenyewe haiandiki kitu. Aliyezimia hawezi kusimulia alivyoanguka. Kwa Mzee, ukimya ule ulikuwa dalili tosha.

Tukapima waya wa hasi wa boksi kwa mita, injini ikinguruma palepale gereji. Karibu volti sifuri, yaani safi. Kijana akaguna. Mzee akaiweka mita kando, akachokora balbu mbili ndogo za dashibodi kutoka kwenye kopo lake la takataka.

Ya kwanza aliilisha kutoka rilei kuu, swichi inayopeleka umeme kwenye boksi, hasi yake akaifunga kwenye bodi. Ya pili akaigeuza: chanya moja kwa moja kutoka betri, hasi kutoka kwenye waya wa hasi wa boksi lenyewe. Chanya ya boksi ikikatika ingezima ya kwanza; hasi ikikatika, ya pili. Akazibandika kwa utepe mbele yangu, ya kwanza kushoto, ya pili kulia.

"Wewe barabara haikuhusu. Tazama balbu tu."

Tukapita Mukono, tukapita Lugazi, hamna kitu. Ndani ya msitu wa Mabira, Mzee akiwa kiti cha nyuma, akawa anamwamuru kijana: kanyaga, achia, kanyaga tena. Kwenye mpando mmoja gia ikashuka, injini ikatikisika, balbu ya kulia ikazimika, na injini nayo ikafa. Ya kushoto inawaka tu.

"Kulia, Mzee!"

Tukalisukuma pembeni huku malori ya Malaba yakitupigia honi. Boksi hakuligusa. Alifuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwa boliti kwenye manifoldi ya injini. Tamino, kile kichwa cha waya kinachofungwa, ilikuwa imekaza, haina hata kutu. Akaushika waya karibu na tamino, akauvuta taratibu, na ganda likarefuka. Shaba hairefuki hivyo. Alipolichana kwa wembe, nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zote, ncha zimeota ukijani, zimeegemeana tu. Injini ikitulia zinagusana, ikiyumba zinaachana. Ndiyo maana gereji mita haikuona kitu.

Tukakata, tukabana tamino mpya. Kijana akawa tayari kugeuza gari, lakini Mzee bado ameinama kwenye boneti.

"Kanyaga breki, weka D, tia mafuta kidogo."

Injini ikanyanyuka upande mmoja. Raba inayoishikilia ilikuwa imepasuka, na kila mpando injini iliuvuta ule waya.

Najjembe tulisimama kula kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Hapo kijana akaikumbuka kontroli boksi yake ya asili, ambayo kumbe haikuwa na ubaya wowote. Akapiga simu kule walikoibadilisha, akaomba warudishiane. Wakamwambia walishaiuza.

"Kwa nani?" akauliza.

Simu ikakatwa. Mzee akamsogezea gonja.