Taya limegoma, nimeamua pa kuanzia

Wiki ya tano sasa mdomo wangu haufunguki zaidi ya milimita 24. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha 40 au zaidi, vidole vitatu vinapita. Kwangu ni kimoja tu. Hata embe nakatiwa vipande kama mtoto.

Miaka mingi taya lilikuwa likilia "ka!" kila nikipiga miayo. Siku moja mlio ukakoma, taya likagoma. Daktari akanieleza kwamba kisahani cha gegedu ndani ya kiungo kimeteleza mbele na hakirudi.

Njia alizonitajia: mazoezi pamoja na kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku, kuoshwa kiungo kwa maji ya chumvi kupitia sindano, au upasuaji, ambao ni wa mwisho kabisa. Mama anataka nipasuliwe yaishe. Namwelewa, ananisikia nikilia usiku. Lakini kiungo kikishapasuliwa hakirudi kuwa kilivyokuwa. Naanza na mazoezi na kifaa. Nisipoona nafuu baada ya wiki sita, nitakubali kuoshwa.

Uliyewahi kuoshwa kiungo cha taya, maumivu yalichukua siku ngapi kutulia?