Siku moja ya mchambuzi wa takwimu za uhalifu, Maine

Maine iko pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yenye uhalifu mdogo wa kutumia nguvu: takriban kesi 100 kwa kila wakazi 100,000, wakati wastani wa nchi nzima ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Ndugu wengi wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Portland na Lewiston, hasa kutoka Kongo na jamii ya Wabantu wa Somalia, huulizia namba hiyo kabla ya kupanga nyumba. Namba ni ya kweli. Ila mama anayetoka zamu ya usiku na kutembea peke yake hadi kituo cha basi haishi ndani ya wastani wa jimbo. Anaishi kwenye mtaa mmoja, tena kwa saa fulani. Siku nzima ya kazi yetu inahusu umbali kati ya vitu hivyo viwili. Saa nilizoandika ni za Kiswahili.

Saa 1 asubuhi

Kazi ya kwanza ni kusoma ripoti za usiku, zote, maelezo ya askari mstari kwa mstari. Kuangalia misimbo peke yake, yaani namba fupi za aina ya kosa, hakutoshi, maana makosa mengi hujificha hapo. Mfano: msimbo unasema 13B, yaani shambulio la kawaida, lakini maelezo yanasema mtu alipigwa chupa kichwani. Chupa ikitumika hivyo ni silaha, kwa hiyo kesi ni 13A, shambulio kubwa. Kosa hilo moja la kuandika linaihamisha kesi kutoka kundi linalohesabiwa kwenye uhalifu wa nguvu hadi kundi lisilohesabiwa. Likirudiwa mara 20 kwa mwaka katika mji mdogo, mji mzima utaonekana salama kuliko ulivyo.

Kosa jingine la kila wiki: mtu anasema "nimevunjiwa", askari anaandika kuvunja jengo, msimbo 220, kumbe kilichoingiliwa ni gari. Kuiba kitu ndani ya gari ni 23F. Kuiba gari lenyewe ni 240. Kung'oa kifaa cha bomba la moshi chini ya gari ni 23G. Hayo ni mambo matatu tofauti, na dawa yake ni tofauti.

Saa 2:30

Ramani. Kabla ya kuamini doa jekundu lolote, yaani mahali panapoonyesha kesi nyingi, tunatazama kwanza anwani ya kituo cha polisi chenyewe na ya hospitali. Aliyeibiwa akija kuripoti kaunta, mara nyingi mfumo huandika anwani ya kaunta kuwa ndipo tukio lilipotokea. Majeruhi akihojiwa hospitali, hospitali inageuka kuwa mahali pa hatari kuliko pote mjini. Kesi hizo zinarudishwa moja moja hadi mahali halisi, na kama ripoti haitaji mahali, askari anapigiwa simu leo, kabla hajasahau.

Saa 4

Hii ndiyo sehemu ya siku inayohitaji utulivu zaidi: kujua wizi wa vitu ndani ya magari ulitokea saa ngapi. Mwenye gari aliegesha saa 4 usiku, akakuta vitu vimechukuliwa saa 1 asubuhi. Hakuna aliyeona. Ukihesabu kwa saa ya kugundua, chati itaonyesha kilele saa 1 asubuhi, na doria itapelekwa wakati mwizi ameshalala.

Njia sahihi ni kuigawa kesi. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa 9, kwa hiyo kila saa inapewa sehemu moja ya tisa, yaani 0.11. Kesi nyingine ambayo kamera ilimnasa mtu kati ya saa 8 na saa 9 usiku inapewa 1 nzima kwenye saa hiyo. Iliyotokea kati ya saa 7 na saa 10 usiku inapewa 0.33 kwa kila saa. Baada ya kujumlisha kesi 30 au 40 hivi, kilele cha kweli kinajitokeza chenyewe. Kesi 6 hazitoshi. Tukipewa 6 tunasema wazi kwamba bado ni mapema.

Ripoti hizi huonyesha jambo jingine: mara nyingi hakuna kioo kilichovunjwa. Mtu hupita akijaribu vitasa, gari moja baada ya jingine, na lililofungwa analiacha.

Saa 6 mchana

Chakula, dakika 20, kisha simu za waandishi wa habari. Swali ni lilelile: "Mji wenu ni wa ngapi kwa usalama?" Jibu linaanza na hesabu. Mji wa watu 6,000 ukipata mauaji mamoja, kiwango chake kwa mwaka huo ni 16.7 kwa kila watu 100,000. Mwaka unaofuata ni 0. Mji haujabadilika, namba ndiyo imeruka.

Mfano mzito zaidi ni wa Lewiston. Tarehe 25 Oktoba 2023 watu 18 waliuawa kwa risasi usiku mmoja, katika sehemu mbili. Ukiwagawa kwa wakazi wa jimbo, takriban milioni 1.4, wanaongeza 1.3 tu kwenye kiwango cha jimbo. Ukiwagawa kwa wakazi 37,000 wa Lewiston, inakuwa karibu 49. Ni watu walewale 18. Mwaka unaofuata takwimu inashuka yenyewe na vichwa vya habari vinasema mauaji yamepungua. Kwa familia zao neno hilo halina maana yoyote, na sisi wa takwimu tuna wajibu wa kusema hivyo kabla grafu haijatolewa.

Miji ya ufukweni nayo ina mtego wake. Old Orchard Beach ina wakazi takriban 9,000, lakini kiangazi watalii humiminika mara nyingi ya hapo. Wizi wanaofanyiwa watalii unahesabiwa, watalii wenyewe hawahesabiwi kwenye mgawanyo.

Saa 8 mchana

Kulinganisha miaka. Mfumo wa zamani wa FBI ulihesabu kosa kubwa kuliko yote katika tukio: mtu akipora na kupiga, ulihesabiwa uporaji tu. Mfumo wa sasa, NIBRS, unapokea hadi makosa 10 kwa tukio moja. Mji uliohama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine unaweza kuonekana umeharibika ghafla. Kwa data za mwaka 2021 FBI ilipokea NIBRS tu, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwemo kwenye data za mwaka huo. Ndiyo maana mstari wa taifa wa 2021 hatuuchori bila maelezo.

Saa 9:30

Yasiyoripotiwa. Utafiti wa serikali kuu unaohoji watu wa miaka 12 na zaidi majumbani mwao huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba chini ya nusu ya matukio ya nguvu ndiyo yanayofika polisi. Wizi wa gari huripotiwa sana, kwa sababu bima inadai namba ya kesi. Kipigo cha nyumbani hakina bima. Na hapa Maine, kwa miaka mingi, takriban nusu ya mauaji yamekuwa ya ndani ya familia na wapenzi. Watu wanaogopa kichochoro. Msimbo wa mahali unaojirudia kwenye mashambulizi ni 20, nyumbani.

Saa 12 jioni

Mkutano wa wakazi maktabani. Chati zinabaki kwenye begi hadi wakazi wamalize kusema. Hofu ya mtu tunaiandika kama tunavyoandika kesi: ni saa ngapi, anapita njia ipi, anaona nini hasa. Mara nyingi jibu ni taa iliyokufa, nyumba iliyoachwa wazi, au kundi linalokaa ngazini. Kwa taa, namba ya nguzo inahitajika. Iko kwenye kibao kidogo kilichopigiliwa juu kidogo ya kimo cha macho. Bila namba hiyo fundi huja na kutengeneza taa isiyo yenyewe.

Wanaoulizwa mwisho ni kina mama waliokaa nyuma, na swali lao huwa lilelile: Kiingereza changu ni kidogo, nikipiga 911, namba ya dharura, nitasema nini? Sema anwani kwanza, namba ya nyumba na mtaa, polepole, mara mbili. Kisha sema "Swahili", usikate simu hata kukiwa kimya, kwa sababu wakati huo mpokea simu anamtafuta mkalimani. Tunaifanyia mazoezi pale pale, kila mmoja kwa anwani yake.