Umelala wapi jana?

Kila nikirudi Guangzhou, China, kutoka likizo, kazi ya kwanza si kulala wala kula. Ni kwenda kituo cha polisi cha mtaa kabla saa 24 hazijaisha, nikiwa na pasipoti, mkataba wa chumba na macho mekundu ya safari. Askari ni kijana mpole tu. Anagonga kompyuta yake, ananipa kikaratasi chenye jina la mtaa, namba ya ghorofa na namba ya chumba. Kwa ufupi anauliza: umelala wapi jana? Mwaka wa kwanza nilikasirika sana. Huu ni wa tisa, na kikaratasi nakikunja nakitia kwenye pochi bila hata kukisoma.

Agosti nilimsimulia bibi habari hiyo, tumekaa nje kwake wilayani Chamwino, Dodoma, yeye anachambua mlenda. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni mjumbe wa nyumba kumi." Akaendelea na mlenda wake.

Nilicheka, lakini bibi hakuwa anatania. Yeye serikali inayojua umelala wapi aliijua kabla mama yangu hajazaliwa. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, lori lilikuja kuwachukua kutoka kwenye tembe lao kuwapeleka kijiji kipya. Njaa ilikuwa imeupiga mkoa, serikali ikaona watu waliotawanyika huku na huko hawafikiki kwa maji, shule wala zahanati. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Bibi anachokumbuka zaidi si matofali. Anakumbuka kwamba ng'ombe walitangulia kwa miguu, na kwamba alibeba jiwe la kusagia mapajani njia nzima kwa sababu mtu wa lori alisema mawe yapo huko mwendako. "Jiwe la kusagia si jiwe," aliniambia, bado kakasirika, miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Maji yalikuja, ingawa yalichelewa. Shule ilikuja. Mama alisoma hapo, akawa mwalimu, akanisomesha, na mimi leo nafunga mizigo ya watu kwenye kontena nchini China. Kwa hiyo siwezi kusema lile lori lilikuwa baya. Siwezi kusema lilikuwa zuri pia, maana si mimi niliyepanda.

Nalileta hili kwa sababu ya mabishano yetu huku. Jumapili tukikutana pale Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou, Watanzania, Wakenya na Wakongo wawili watatu, hapakosi mtu wa kusema: jamani, sisi tunachohitaji ni serikali kama hii ya hapa, maneno kidogo, kazi nyingi. Na mifano ipo, huhitaji kuitafuta. Metro ya jiji hili, yaani treni za chini ya ardhi, ilianza 1997, leo ina zaidi ya kilomita 600. Treni ya kasi ya Beijing hadi Tianjin ilianza 2008. Kufikia mwisho wa 2023 mtandao mzima wa reli za kasi wa China ulishapita kilomita 45,000. Umeme wa godauni letu sikumbuki lini ulikatika mara ya mwisho. Natembea saa nane usiku na hela ya mteja mfukoni, sigeuki nyuma.

Huu ndio wanaouita ubepari wa dola, yaani wa serikali. Si ujamaa wetu ule uliotaifisha mabenki 1967 na kufunga maduka ya watu vijijini 1976. Hapa dola inashika shina: mabenki makubwa, reli, gridi ya umeme, simu, na ardhi yote ya mjini. Matawi imewaachia watu. Mwenye kiwanda cha taa ninakonunua ni tajiri haswa, ana gari ambalo sitalitaja bei, lakini mkopo wake ni wa benki ya dola na nyumba yake imekaa juu ya ardhi ya dola kwa muda wa miaka 70. Anatengeneza pesa atakavyo. Mengine anayapima kabla hajafungua mdomo. Mtu wa Dodoma hili la ardhi halimshangazi. Mji wetu ulikuwa chini ya CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, tangu 1973 hadi ilipovunjwa 2017, na hati zake zilikuwa za miaka 33. Wengine tumekua tukijua kwamba kiwanja ni cha kuazima.

Lakini kuna mama mmoja pale godauni, anatoka Hunan, tunamwita ayi, yaani mama mdogo. Hakuna anayefunga boksi kama yeye: selotepu inazunguka mara tatu, anaikata kwa jino, anapiga konzi moja juu, tayari. Mumewe alichimba mahandaki ya metro. Wamekaa jiji hili zaidi ya miaka ishirini, lakini mtoto wao alisomea kijijini kwa bibi yake, kwa sababu usajili wao, hukou, mfumo wa tangu 1958, unasema wao ni watu wa kijiji. Walimwona mara moja kwa mwaka, Mwaka Mpya wa Kichina. Siku moja nilimuuliza kama metro ya mumewe anaipenda. Akasema ni safi, lakini yeye huja kazini na baiskeli ya umeme, ni rahisi zaidi.

Basi hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa Jumapili. Wanazungumza kama vile ni biashara ya mtu mmoja: natoa uhuru kidogo, napata reli. Ingekuwa hivyo ningewaelewa. Anayetoa ni mwingine, anayepata ni mwingine, na mara nyingi hawajuani. Kila anayesifia mkono wa chuma anajiona amekaa kiti cha dirishani. Hajioni kwenye shamba ambalo reli inapita.

Na mimi najijua, mimi ni mtu wa dirishani. Agosti nilipanda mchongoko, ile treni mpya ya umeme, kutoka Dar, na Kilosa tulipoingia kwenye mahandaki nilipiga picha kama mtoto. Zamani Dar hadi Dodoma ilikuwa siku nzima ya basi, mishikaki ya Gairo na vumbi la Kibaigwa. Sasa nilishuka saa tatu na nusu baadaye, shati halijakunjamana. Nilifurahi, sitajifanya sikufurahi.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ikazimwa nchini. Mimi huku WhatsApp imefungwa tangu 2017, kuifikia lazima nipitie VPN, programu ya kukwepa kufungiwa mtandao, nimeshazoea kuruka ukuta huo kila asubuhi kama mtu anayefungua komeo. Safari hii niliruka, nikakuta upande wa pili giza. Alama ya tiki moja ya kijivu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ya kawaida ikaita mara moja, ikakata. Nilimwambia ayi kwamba sipati habari za mama. Hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko angeshangaa. Akanimenyea chungwa.

Mtandao uliporudi, mama ndiye aliyepiga. Wazima wote, tumshukuru Mungu. Bibi alikuwa kwake mjini, akaomba simu, akaniamkua kwa Kigogo, "Mbukwa," nikaitika. Nikamweleza jinsi nilivyohangaika, VPN sijui nini, ukuta wa huku, kuzimwa kwa kule. Akanyamaza kidogo.

"Sasa aliyezimiwa alikuwa nani," akauliza, "wewe au sisi?"

Nikaanza kumjibu, lakini alishampa mama simu. Mama akataka kujua zile taa za sola nilizoahidi zimeingia kontena lipi.