Miti ya mbaazi isiishie kuwa majivu

Mbolea haikai kwenye kichanga cha Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Mvua kubwa zikipiga mara mbili tatu, naitrojeni imeshazama mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki. Halafu baada ya mavuno tunachoma miti ya mbaazi yote! Ikichomwa kwa hewa kidogo inakuwa bayocha, mkaa wenye vitundu vidogo vinavyoshika maji na virutubisho, na hudumu ardhini miaka mingi.

Chimba shimo la umbo la faneli, upana mita 1.5 juu, kina sentimita 80. Fyeka na kufagia mita 5 kuzunguka, maana majani makavu chini ya mikorosho hayangoji kuambiwa. Washa moto chini, weka tabaka jembamba la miti ya mbaazi. Likianza kuvaa majivu meupe, ongeza jingine. Moshi mzito unaonyesha kuni ni mbichi au umejaza mno. Majivu yakizidi, umechelewa kuongeza. Shimo likijaa, zima kwa maji huku ukikoroga. Kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida, hivyo fukia kwa udongo mzito ili moshi usitoke, usifukue mpaka kupoe kabisa.

Shika kipande cha mkaa uliopoa, kivunje. Kizuri hukatika kwa mlio mkavu na weusi wake hutoka mkononi kwa maji matupu. Ukihitaji sabuni, lami imebaki, hakikuiva. Maganda ya korosho yaacheni: mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua.

Kosa kubwa ni kuupeleka mkaa shambani ukiwa mtupu, bila samadi. Mkaa mtupu hunyonya naitrojeni kwanza, na mahindi yanageuka manjano. Ulowanishe usitimue vumbi, uponde hadi ukubwa wa punje ya mbaazi, uchanganye na samadi ya mbuzi ndoo kwa ndoo, ufunike kwa makuti wiki 3, ukiunyunyizia maji usikauke.

Weka kwenye shimo la kupandia, usitawanye. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo karibu 9,000. Gramu 100 za mkaa kwa shimo ni kilo 900. Huwezi? Anza na robo ekari.

Bayocha hupunguza tindikali kiasi, jambo jema penye mikorosho iliyopuliziwa miaka mingi salfa, inayotia udongo tindikali, ingawa haifikii chokaa. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali) zaidi ya 7, yaani usio na tindikali, usiuwekee, zinki na chuma vitaadimika kwa mmea.